Ishirini na Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mchezo Huu wa Karata

Nilifanya kazi ya kugawa karata kwenye meza ya kasino hapa Malindi, enzi ambazo Desemba ikiingia mji mzima ulisikika Kiitaliano. Siku hizi nafundisha mchezo huohuo barazani, mtaa wa Shella, baada ya swala ya alasiri, na mbele yetu haiwekwi hata shilingi. Wanaokuja huuliza mambo yanayofanana, basi nimeyaandika hapa. Naupenda mchezo huu kwa dhati kwa sababu ni hesabu unayoishika mkononi. Na kwa kuwa naupenda, nataka anayeujia aujue wote, pamoja na namna unavyomla mchezaji.

Mchezo wenyewe ni upi?

Ni ule unaoitwa blackjack kwenye kasino. Sisi barazani tunauita ishirini na moja. Unataka jumla ya karata zako iwe karibu na 21 kuliko ya mgawaji, bila kuipita. Ukiipita umeungua, na dau lako limekwenda hapo hapo.

Mezani mnaweza kuwa watu watano, sita, hata saba, lakini hamshindani nyinyi kwa nyinyi. Kila mmoja ana shauri lake na mgawaji. Waliozoea kucheza turufu, au kadi ile ya vijana ya "niko kadi", huchukua muda kulizoea hili: jirani yako si adui yako, wala si mwenzako.

Karata zinahesabiwaje?

Karata ya 2 hadi ya 10 huhesabiwa kwa namba yake. Mfalme, malkia na ghulamu ni kumi kila mmoja. Ree ni 1 au 11, kwa vile itakavyokufaa. Kopa, uru, shupaza na pao hazina tofauti yoyote hapa, na hakuna turufu.

Kumbuka jambo moja mapema: katika karata 52, zenye thamani ya kumi ni 16. Hiyo ni karibu theluthi moja ya karata zote, na mbinu nyingi nitakazozieleza huko chini zinatokana na hapo.

Mkono mmoja unachezwa vipi, mwanzo hadi mwisho?

Kila mtu anaweka dau mbele yake. Mgawaji anachanga karata, mmoja wenu anakata, kisha kila mchezaji anapewa mbili, zimefunuliwa. Mgawaji naye anajipa mbili, moja wazi na moja amelala nayo. Kwenye kasino nyingi za Ulaya hajipi ile ya pili mpaka wachezaji wote wamemaliza.

Tuseme umepata 9 na 7, jumla 16, na mgawaji ameonyesha 6. Una namna mbili za kujibu: "nipe", uongezewe karata, au "basi", ubaki ulipo. (Kwenye kasino husemi kitu. Unagonga meza kwa kidole ukitaka karata, unapunga kiganja ukitosheka, ili hata kamera ya darini ione umeamua nini.) Hapa unasema basi, ingawa 16 ni mkono dhaifu. Mgawaji anafunua aliyolala nayo: ni malkia. Naye ana 16. Yeye lakini hana hiari. Sheria inamlazimisha kuongeza mpaka afike 17 au zaidi. Anavuta 8. Jumla 24, ameungua, na kila aliyebaki mezani analipwa sawa na dau lake.

Sasa chukua 16 ileile, lakini mgawaji ameonyesha mfalme. Huwezi tena kukaa ukisubiri aungue, maana mwenye kumi mbele mara nyingi hufika 17, 18 au 20 bila taabu. Hapo unasema nipe, ukijua kwamba aina nane kati ya aina kumi na tatu za karata zitakuunguza. Ukiomba unaumia, usipoomba unaumia zaidi kidogo. Mtu akishafahamu kwa nini 16 moja hukaa na 16 nyingine huomba, ameshaushika mchezo.

Mkilingana jumla ni sare, na dau lako linarudi lilivyokuwa.

Kuna hatua nyingine zaidi ya "nipe" na "basi"?

Mbili kubwa. Ya kwanza ni kuzidisha: baada ya karata mbili unaongeza dau mara mbili kwa sharti kwamba utapewa karata moja tu, basi. Ya pili ni kutenga jozi: ukipewa karata mbili zinazofanana, kama 8 na 8, unaziweka mbalimbali, unaweka dau jingine sawa na la kwanza, na sasa una mikono miwili. Watu wengi huzisahau hatua hizi au huziogopa, na ndizo zinazompunguzia mchezaji hasara.

Ulianzia wapi?

Uhispania ndiko tunakouona mapema zaidi kwenye maandishi. Mwaka 1613 Miguel de Cervantes alichapisha hadithi ya vijana wawili matapeli, na mmoja wao anajigamba kwa ubingwa wake katika mchezo wa ishirini na moja. Anaeleza raha ya kuwa na uhakika wa kuanza na ree, karata inayoweza kuwa pointi moja au kumi na moja. Zaidi ya miaka 400 imepita na kanuni hiyo ya ree haijaguswa. Sisi pwani hii karata zetu tulizipata kwa jirani zao Wareno, waliotia nanga hapa Malindi mwaka 1498.

Katika karne ya 18 mchezo ulishamiri Ufaransa, kwa jina la Kifaransa lenye maana ileile ya ishirini na moja, kisha ukavuka bahari hadi Marekani. Huko uliishi kwa kujificha na kujitokeza kadiri sheria zilivyobadilika. Jimbo la Nevada lilipiga marufuku kamari mwaka 1910, likairuhusu tena mwaka 1931, na kasino za Reno na Las Vegas zikaupa mchezo makao ya kudumu. Hata hivyo haukuwa mfalme wa ukumbi. Watu walikuwa wakisongamana kwenye meza za dadu.

Nani aligundua namna bora ya kuucheza?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote, kwa sababu jibu lake si mcheza kamari wala tajiri. Ni askari wanne.

Miaka ya 1950, kwenye kambi ya jeshi ya Aberdeen katika jimbo la Maryland, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott walikuwa wakicheza karata bwenini. Wote walikuwa wamesomea hesabu. Walijiuliza: kwa kila mkono ambao mchezaji anaweza kuushika, na kwa kila karata ambayo mgawaji anaweza kuionyesha, uamuzi gani ndio sahihi? Hawakuwa na kompyuta. Walitumia mashine za kukokotoa za mezani, zile za kubonyeza vitufe, wakapiga hesabu jioni baada ya jioni kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Mwaka 1956 matokeo yao yalitoka kwenye jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani. Kompyuta zilipokuja kurudia kazi ile, zilikuta askari wale walikuwa karibu kabisa na ukweli.

Kabla yao wachezaji walikuwa wakienda kwa hisia. Wengi walikataa kabisa kuongeza karata wakiwa na 12 au zaidi, wakiogopa kuungua, na walipopewa kumi mbili wakazitenga kwa tamaa. Baada yao, jibu sahihi likawa jambo la kusoma na kukariri, sawa na jedwali la kuzidisha.

Na huyo aliyezishinda kasino kwa kuhesabu karata?

Edward Thorp, mwalimu wa hesabu katika chuo cha MIT. Aliisoma kazi ya askari wale akaona walichokiacha: wao walihesabu kana kwamba kila mkono unaanza na karata zote. Lakini karata zilizokwishatoka hazirudi mpaka zichangwe upya. Kwa hiyo zilizobaki mkononi mwa mgawaji wakati mwingine humpendelea mchezaji, wakati mwingine humkandamiza. Zikibaki kumi nyingi na ree nyingi, mchezaji ana nafuu, kwani ishirini na moja ya papo hapo, yaani ree na kumi katika karata mbili za kwanza, hutokea mara nyingi zaidi, na mgawaji anayelazimika kuongeza huungua zaidi. Zikibaki ndogondogo, mambo hugeuka.

Thorp alipiga hesabu hizo kwenye kompyuta ya IBM 704, akaenda Nevada mwaka 1961 kuzijaribu mezani, kisha akachapisha kitabu mwaka 1962. Kasino za Las Vegas zilishtuka kiasi kwamba mwaka 1964 zilibadilisha kanuni kuwabana wachezaji. Watu wakazikimbia meza, na haikuchukua muda kanuni za zamani zikarudishwa. Kumbe wengi waliosoma habari za kuhesabu walikuja mezani wakijiona mabingwa, hawakuwa nao ubingwa, na walipoteza vizuri tu. Ndivyo ishirini na moja ilivyozipita meza za dadu kwa umaarufu.

Namna rahisi ya kuhesabu ni hii: karata ya 2 hadi 6 ikitoka, ongeza moja, 7, 8 na 9 ziache, kumi yoyote au ree ikitoka, toa moja. Jumla ikipanda, zilizobaki ni nzuri kwako. Si kuiba wala si ulaghai, ni kutumia kichwa chako mwenyewe. Mahakama Kuu ya New Jersey iliamua mwaka 1982, katika kesi ya mchezaji Ken Uston, kwamba kasino za jimbo lile hazina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa sababu hiyo tu. Sehemu nyingi nyingine humwomba mtu aondoke. Zaidi ya hapo, kasino sasa hutumia pakiti sita au nane kwa pamoja, na nyingine zina mashine inayochanga bila kusimama. Barazani tunahesabu kwa sababu ni mazoezi matamu ya akili, si kwa matumaini ya kwenda kumfilisi mtu.

Kama kanuni ziko wazi, kasino inapata wapi faida?

Inapata kwenye zamu. Wewe unacheza kwanza.

Fikiria mchezaji anayeiga kila afanyalo mgawaji: anaongeza mpaka 17, kisha anasimama. Utadhani watagawana ushindi nusu kwa nusu. La. Mgawaji huungua karibu mara 28 katika kila mikono 100, na mchezaji huyu naye vivyo hivyo. Kuna mikono karibu 8 katika 100 ambapo wote wawili wangeungua, lakini mchezaji ameungua kwanza, dau lake limeshachukuliwa, na mgawaji hana haja hata ya kufunua yake. Hiyo minane ndiyo riziki ya kasino.

Ishirini na moja ya papo hapo hulipwa zaidi ya dau, na malipo hayo humrudishia mchezaji zaidi ya 2 katika hizo 8. Zinabaki 5 na ushei. Akijua wakati wa kuzidisha, kutenga na kusimama mapema, anaweza kuzishusha hadi karibu nusu asilimia. Mchezaji wa kubahatisha huwa kwenye asilimia 2 au zaidi.

Tuiweke kwa shilingi. Dau la 500, mikono 60 kwa saa: umezungusha 30,000. Anayejua, kwa wastani, ameacha mezani 150 kwa saa hiyo. Asiyejua ameacha 600. Lakini wastani hauji kila saa. Kupanda au kushuka kwa shilingi 4,000 na zaidi ndani ya saa moja ni jambo la kawaida kabisa kwa dau hilo, na huo mtikisiko ndio unaomdanganya mtu. Leo kapanda, akaamini ana mkono wa bahati. Hiyo nusu asilimia haionekani kwa macho, nayo haichoki.

Basi nicheze vipi?

Ukikariri haya, umepata sehemu kubwa ya kazi ya wale askari.

Ukiwa na 17 au zaidi bila ree inayohesabiwa 11, simama daima. Ukiwa kati ya 13 na 16, tazama karata ya mgawaji: akionyesha 2 hadi 6, simama, akionyesha 7 au zaidi, omba. Kwa 12 simama mbele ya 4, 5 na 6 tu. Sababu ni kwamba 5 na 6 ndizo karata mbaya kuliko zote kwa mgawaji: huungua karibu mara 42 katika 100. Usijiunguze wewe wakati yeye ndiye aliye hatarini.

Ukiwa na 11, zidisha, isipokuwa pengine mbele ya ree. Ukiwa na 10, zidisha mgawaji akionyesha 9 au chini. Ukiwa na 9, zidisha mbele ya 3 hadi 6.

Tenga ree mbili daima, na 8 mbili daima, maana 16 ni mkono mbovu na 8 mojamoja zina matumaini. Usitenge kumi kamwe: una 20, unataka nini tena? Wala usitenge 5, kwa sababu mbili zake ni 10 nzuri ya kuzidishia.

Panapowatatiza watu wengi ni mkono wenye ree. Ree na 6 ni 17, lakini si 17 ya kusimama nayo. Huwezi kuungua kwa karata moja, kwani ree itashuka kuwa 1. Kwa hiyo omba, na mgawaji akionyesha 3 hadi 6 unaweza hata kuzidisha. Ree na 7, yaani 18, simama mbele ya 2, 7 na 8, zidisha mbele ya 3 hadi 6, na omba mbele ya 9, kumi au ree. Hii ya mwisho hakuna mwanafunzi anayeikubali siku ya kwanza. Mtu ana 18 mkononi, anaambiwa aongeze! Nawaachia wajaribu wenyewe mchana mzima, wakiandika kwa chaki kwenye sakafu ya baraza nani kala na nani kaliwa.

Mgawaji akionyesha ree hutuuliza kama tunataka bima. Tukubali?

Hapana. Jina ni zuri, lakini bima hii hailindi kitu. Ni dau la pembeni kwamba karata aliyolala nayo ni kumi, na hulipwa mbili kwa moja. Ili dau hilo liwe la haki, kumi zingepaswa kuwa theluthi kamili ya karata zilizobaki. Kwenye pakiti moja, ukishaiona ree yake tu, ni 16 kati ya 51, pungufu ya theluthi. Mezani kwa pakiti sita, kasino hubaki na zaidi ya asilimia 7 ya kila bima unayokata. Kwangu hii ndiyo sehemu isiyo na uungwana katika mchezo mzima, kwa sababu humlenga mtu wakati ana hofu.

Ree na kumi kwa pamoja hulipa kiasi gani?

Kwa kanuni ya asili, tatu kwa mbili: dau la 1,000 hulipwa 1,500. Hutokea karibu mara moja katika kila mikono 21. Siku hizi kuna meza zilizoandikwa sita kwa tano, na dau lilelile hulipwa 1,200. Tofauti ya 300 inaonekana ndogo, ila huiongezea kasino asilimia 1.4 hivi, karibu mara tatu ya ile nusu tuliyoitolea jasho. Maandishi huwa kwenye kitambaa cha meza. Yasome kabla hujakaa.

Aliyekaa kiti cha mwisho akicheza ovyo, anatuharibia sote?

Hapana. Karata aliyochukua ingeweza kumwokoa mgawaji au kumuunguza, na kwa muda mrefu hayo mawili hulingana. Nimeona watu wazima wakigombana kwa ajili ya hili mpaka msimamizi akaitwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na hoja.

Nikipoteza, si nizidishe dau mpaka nirudishe?

Tufanye hesabu. Unaanza na 100, unapoteza, 200, unapoteza, 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400. Mikono saba tu, si ajabu hata kidogo kwa jioni moja, na umeshatoa 12,700. Mkono wa nane unadai 12,800, ili ushinde nini? Ile 100 ya mwanzo. Na kabla hujafika huko, meza ina kiwango cha juu cha dau, kimewekwa makusudi.

Nikiwa mgawaji niliwaona wengi wakifuata njia hii. Namkumbuka bwana mmoja mfanyabiashara wa samaki, mtu wa heshima zake. Alikuwa akiweka dau kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukipapasa mfuko wa shati, kupima zimebaki noti ngapi bila kuzitoa. Sikuwa na ruhusa ya kumwambia kitu. Mgawaji hamshauri mteja. Siku ile ndipo nilipoanza kufikiria kuufundisha mchezo huu mahali ambapo nina ruhusa ya kusema.

Wazee wa Kiitaliano hapa Malindi hucheza "saba na nusu". Ni mchezo huuhuu?

Ni ndugu yake wa karibu. Kwao unaitwa sette e mezzo, na ni mchezo wa familia wakati wa Krismasi. Hutumia karata 40, hazina 8, 9 wala 10. Karata ya 1 hadi 7 ni kwa namba yake, na picha ni nusu pointi. Unatafuta saba na nusu, ukipita umeungua. Mfalme wa sarafu ndiye karata huru, anachukua thamani unayotaka, kazi inayofanana kidogo na ya ree. Ukimkuta mzee wa Kiitaliano anayepasua pakiti mpya Desemba, mwombe akufundishe. Kwa uzoefu wangu hufurahi kuulizwa. Kwa mtoto anayejifunza nusu na robo, hakuna mchezo bora.

Kuna tofauti gani na pata potea ya stendi?

Kubwa sana. Pata potea, ile ya karata tatu juu ya katoni, si mchezo. Karata unayoifuata kwa macho imeshahamishwa kwa ustadi wa vidole, na wale wanaoshangilia kando yako, wakishinda mfululizo, ni wenzake. Huna nafasi ya kushinda hata moja, labda ya kukuvuta. Kwenye ishirini na moja unajua kila kanuni, na unaweza kuikokotoa hasara yako kabla hujakaa. Hasara ipo, ila haijafichwa.

Mimi ni Muislamu. Naruhusiwa kucheza?

Kuweka pesa ni haramu, hapo hakuna mjadala. Qurani, Sura Al-Maida aya ya 90, imetaja kamari pamoja na ulevi na kuamrisha tujiepushe navyo. Nami niliiacha kazi ile kwa sababu hiyo. Kuhusu karata bila dau lolote, wanazuoni wametofautiana: wapo wanaokataza kabisa, wapo wanaoruhusu ikiwa hakuna kamari, hakuna matusi na hakuna swala inayopotezwa. Muulize sheikh unayemwamini. Barazani kwetu adhana ikilia karata zinafunikwa, hata kama mtu amekaa na 11 anataka kuzidisha.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Kasino huendeshwa kwa leseni. Sheria iliyotumika kwa muda mrefu ni ya mwaka 1966, na mwaka 2025 ilitiwa saini sheria mpya ya kudhibiti kamari. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kwa pesa.

Ishirini na moja ya kwenye simu ni sawa na ya mezani?

Kanuni zinafanana, mwendo haufanani. Kwenye simu, pale ambapo ni programu inayogawa, karata huchangwa upya kila mkono, kwa hiyo kuhesabu hakuna maana. Na kasi ndiyo hatari yenyewe: mezani unacheza mikono 60 kwa saa, mgawaji anachanga, watu wanazungumza, unakunywa chai. Kidole kwenye kioo kinaweza kumaliza mikono mia kadhaa kwa saa hiyohiyo. Zidisha ile asilimia kwa mikono hiyo, na pesa ziko M-Pesa, hazihitaji hata kutolewa mfukoni. Mdogo wangu, kama unataka kujifunza, jifunze kwa programu ya bure isiyounganishwa na pesa, au njoo barazani.

Tunahitaji nini ili tuanze nyumbani?

Pakiti moja ya karata na komwe za bao, basi. Kila mchezaji apewe komwe ishirini, na mgawaji awe na akiba yake kwenye kifuu. Mchezo ukiisha komwe zote zinarudi kwenye mfuko wa bao, hakuna anayeondoka na kitu.

Chukueni karata za plastiki mkiweza. Za makaratasi hunyonya unyevu wa bahari, zinavimba pembeni, na baada ya wiki chache kila mtu anaijua ree ya shupaza kwa mgongo wake. Tandikeni mkeka upande usiopigwa na upepo. Kaskazi ikivuma, wekeni kijiwe juu ya zilizotumika.

Mgawaji abadilike kila karata zikichangwa, ili kila mmoja aonje kukaa upande ule wa pili, ambako hauamui chochote na bado komwe zinakuja. Wiki ya kwanza chezeni kwa "nipe" na "basi" tu. Ya pili ongezeni kuzidisha, ya tatu kutenga jozi. Na wekeni daftari: mkono wa mchezaji, karata ya mgawaji, uamuzi, matokeo. Mkishajaza kurasa chache, hamtahitaji tena kuniamini mimi kuhusu ile 18 yenye ree.